Gia ya Mgeni

Sehemu ya Saba

Nilikuwa nimelala chali chini ya mashine namba nne, spana mkononi, bolti ya tatu imegoma kabisa. Grisi ya miaka ilikuwa inanidondokea shingoni. Juu yangu nilisikia miguu ya Mama Devota ikizunguka na ndoo ya mafuta ya taa.

"Fundi, umelala au umekufa?"

"Bolti imeshika kutu."

"Iombe radhi. Si wewe uliyeikaza? Sasa inakulipizia."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka kule chini, na grisi ikaniingia mdomoni.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa ufupi. Kiwanda chetu cha kamba hapa Tanga kilikuwa cha umma. Tulisokota singa za mkonge kuwa kamba, na kamba zikapanda meli kwenda Ulaya kufungia majani makavu ya ng'ombe. Kisha ukaja ubinafsishaji na soko huria. Kamba za nailoni zikaingia kwa bandari ile ile yetu, za bluu, nyepesi, bei ya kutupa. Machi mwaka jana wakaja wageni wa tathmini, na wiki tatu baadaye mashine zikazimwa. Watu mia mbili na kumi tukaambiwa twende nyumbani.

Mmesoma nilivyokaanga maandazi na mke wangu Ruthi kule Mabawa, na baiskeli yangu ilivyoibwa pamoja na maandazi yenyewe. Mmesoma pia jinsi alivyokuja Sami Marhun, wakala wa kampuni ya nje iliyonunua kiwanda, akaniambia: "Fundi, fungua mashine zote nane. Zinakwenda Mwera, Pangani. Tutazifunga upya huko, karibu na shamba."

Hapo ndipo nilipowaachia.

Basi nilikuwa nafungua. Kila kipande nilikiandika namba kwa rangi nyekundu, namba hiyo hiyo nikaiweka kwenye daftari. 4-K-17: mashine ya nne, kushoto, kipande cha kumi na saba. Hakuna aliyeniagiza. Lakini mashine iliyofunguliwa bila alama haifungiki tena, na mimi nilitaka ifungike.

Mama Devota, jina lake hasa Consolata, alikuwa mkuu wa wasokotaji kwa miaka kumi na sita. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge na hakurudi. Yeye na wanawake wanane walikuja kusafisha vipande bila kuitwa, ili siku Mwera itakapofunguliwa Sami awakumbuke kwanza.

Mwenzetu huyu alikwishavuka daraja, hakuwa na pa kurudi. Alikwishampeleka mama yake mzazi Mwera, kwa binamu. Chumba chake cha Nguvumali mwenye nyumba alikwishampa mpangaji mwingine. Mzigo wake ulikuwa pale langoni: godoro, masufuria mawili na cherehani, vimefungwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Kiwanda cha kamba hakikuwa na kamba.

Bolti ikakubali. Kifuniko kikashuka, nikakiweka kifuani, nikatazama ndani.

Nikaiona.

Ilikuwa gia ya mota, ndogo, meno ishirini na manne. Nilikuwa nimeisahau. Au nilikuwa nimejisahaulisha, sijui. Mashine moja hadi tatu nilifungua upande wa mota nikiwa na haraka; usiku wa kuamkia safari ya gari la kwanza sikuwa na muda wa kuhesabu meno. Hii niliihesabu.

Niwaeleze jambo hili, maana ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Zamani za mipango, kila mwaka karatasi ya malengo ilitoka Dar es Salaam. Ukisema mashine yako inafanya robota kumi za kamba kwa siku, mwaka ujao wanataka kumi na mbili. Umeme ukikatika, dizeli ikikosekana, beringi zikichelewa miezi mitano, hakuna anayesikiliza. Meneja anahamishwa, fundi anaitwa mhujumu. Kwa hiyo tulisema sita. Nne tuliziweka kifuani kwa ajili ya mwezi mbaya, na mwezi mbaya ulikuja kila mwaka.

Ili wakaguzi waamini, nilichonga gia nane ndogo kwa mkono wangu. Meno ishirini na manne badala ya arobaini. Ukiifunga, mashine inakwenda sita badala ya kumi, hata uipige fimbo. Jioni ya kuamkia ukaguzi nazifunga zile ndogo, na mtunza stoo wetu, Mzee Uweso, anaficha zile kubwa. Wakaguzi wakiondoka tunarudisha. Tuliita gia ya mgeni. Mwendo wake tuliuita mwendo wa mgeni. Kila mtu kiwandani alijua, na tulicheka.

Kwa miaka kumi na tisa gia hiyo haikutuangusha.

"Hebu lete nikuoshee," alisema Mama Devota akiinama. Nikampa, ningefanyaje? Akaitumbukiza kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi, akaigeuza mkononi.

"Mbona ndogo?"

"Imelika," nilisema.

Aliitazama tena. Kisha akanitazama mimi, nikiwa bado nimelala chini kama mtu wa kuchinjwa.

"Imelika," alisema, akanirudishia.

Niliitia kwenye kikapu changu cha chakula, nikaifunika kwa kitambaa.

Saa tatu lori likarudi. Mashine namba moja ilikuwa imekwenda jana bila msindikizaji. Namba mbili na tatu zilikuwa zimekwenda alfajiri hiyo, na Mzee Uweso alipanda nazo akatie sahihi ya kupokelewa. Pangani kwenda na kurudi si safari ya saa mbili na nusu kwa lori lile. Nilipomwona anashuka nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toka huko chini, Eliudi. Haya siyo maneno ya kuambiwa mtu kalala."

Nikatoka.

"Ati siku hizi Pangani wanapita njia gani?" aliniuliza. "Maana mie Mdigo nimezaliwa hapa, nilidhani naijua."

"Kwa nini?"

"Gari halikukata kona, yakhe. Limenyooka hadi yadi ya chuma chakavu, kule relini. Nikamwambia dereva, mwanangu umepotea. Akanambia, mzee, jana pia nilipotea hapa hapa."

Brashi zikanyamaza kwenye ndoo.

"Labda wanapima tu uzito," nilisema.

"Wanapima, ndiyo. Baada ya kupiga nyundo. Namba zako nyekundu nimeziona, Msambaa wangu. Nzuri sana. Wamezivunja katikati."

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo Mwera?"

Mama Devota alikuwa ameshika brashi iliyokuwa inadondosha mafuta juu ya kanga yake. "Mamangu yuko Mwera," alisema. "Jana ametuma salamu. Amenitafutia kuku wawili wa kuanzia."

Nikachukua kikapu changu nikaenda mjini kwa miguu.

Sami Marhun ana ofisi juu ya duka la marehemu baba yake. Ni mtu wa miaka thelathini na tano hivi, mpole, suruali imepigwa pasi. Aliposikia hatua zangu kwenye ngazi alisimama.

"Shikamoo, fundi. Karibu. Kahawa? Halua ipo."

"Marahaba. Uliniambia Mwera."

Akakaa.

"Nilikuambia nilichoambiwa. Juzi wakabadili."

"Juzi gari lilikuwa halijaanza safari."

"Kweli."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeendelea kufungua?"

"Ningefungua. Nisingeandika namba."

Alinimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akanisogezea, na nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. Ningependelea awe mbaya.

"Sababu ni nini?" nilimwuliza.

Akafungua faili, akalisukuma mezani. "Soma mwenyewe. Ripoti ya tathmini."

Kiingereza changu nimejifunza kwenye vitabu vya mashine, nikiwa na kamusi, neno moja moja. Na hiki kilikuwa Kiingereza cha mashine. Ukurasa wa kumi na moja: kila mashine, ikiwa katika hali nzuri kabisa, robota sita kwa siku. Imeshuhudiwa ikifanya kazi. Imethibitishwa na fundi mkuu. Chini yake sahihi yangu, ile E yenye mkia mrefu ambayo watoto wangu huicheka.

"Kwa sita," alisema Sami, "kuzibeba hadi Mwera na kuzifunga upya ni hasara tupu. Wamepiga hesabu zao huko. Nailoni inawabana kila upande. Ingekuwa hata tisa, ningepigana nao. Kwa sita ningepigana kwa lipi?"

"Zinafanya kumi."

Akatabasamu kwa huruma. "Zilifanya kumi. Wakati wa Mgiriki, kabla kiwanda hakijawa cha umma."

"Zinafanya kumi leo. Zikipewa gia yake."

Nikafungua kikapu, nikaondoa kitambaa, nikaiweka gia ya mgeni juu ya ripoti. Nikamweleza yote. Wakaguzi, malengo, meno ishirini na manne. Nikamweleza kwamba wale wa Machi waliponiuliza mashine inafanya ngapi, sikufikiri hata kidogo. Mtu mwenye kalamu akikuuliza unasema sita. Jioni ile nilirudi nyumbani nimeridhika, nikamwambia Ruthi tumewaweza.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Baba yangu alikuwa na shamba Mwera," alisema polepole. "Lilichukuliwa kwa karatasi iliyosema halilimwi. Lilikuwa linalimwa, fundi. Nazi, mkonge, vibarua themanini. Mtu alikaa akaandika tu. Tangu mdogo najiuliza aliyeandika alikuwa mtu wa namna gani."

"Sasa umejua?"

"Bado," alijibu.

Akanyanyua simu. Alizungumza Kiingereza cha haraka ambacho hakimo kwenye vitabu vya mashine. Mara mbili alipandisha sauti, mara moja akasema samahani. Alipoweka simu chini alikuwa anatoa jasho.

"Kesho saa tano asubuhi mkubwa wao anapita akielekea uwanja wa ndege. Anatupa robo saa. Jenereta ya wachomeleaji ipo, itumie. Akiona mashine moja inakwenda mwendo wa kumi, hizo tano zilizobaki zinakwenda Mwera. Akiona sita, au akiona imesimama, mchana gari linabeba namba nne."

"Mashine tano ni wanawake watano."

"Ni watano, fundi. Jana walikuwa sifuri."

Nilirudi karibu nakimbia, mzee wa miaka hamsini na mbili na kikapu. Nitawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Gia kubwa zilikuwepo. Machi wageni walisema huenda wakarudi kupima tena, hivyo kiwanda kilizimwa na gia ndogo ndani, na kubwa zilikuwa bado mafichoni. Ningefunga moja, ningerudisha vifuniko, alasiri ningekuwa nimemaliza.

Mzee Uweso alikuwa ameketi mlangoni mwa stoo, na funguo zake shingoni ingawa stoo haina kitu.

"Mzee, zile gia kubwa za Machi. Uliziweka wapi?"

"Pasipo mgeni kutazama. Si ndivyo ulivyonambia?"

"Wapi?"

Alianza kujibu, kisha akashika funguo zake kwa mikono miwili.

"Mzee."

"Ndani ya mguu," alisema. "Mguu wa mashine una uwazi, nani atatazama ndani ya mguu? Nilizifunga kwenye gunia, zote nane, nikazishindilia, nikarudisha kibati."

"Mguu wa mashine ipi?"

Hakuwa na haja ya kusema. Nilifungua daftari langu, ukurasa wa kwanza kabisa. Ilikuwa hati yangu mwenyewe, safi, imenyooka: 1-K-3, mguu wa kushoto. Mzito kuliko wa kulia. Chunguza baadaye.

Tulikwenda yadini, mimi na Mzee Uweso, jua la saa sita kichwani. Msimamizi wa pale anaitwa Masoud, kijana mnene mwenye mzaha.

"Wazee wangu, mmekuja kujiuza? Leo napokea chuma tu."

"Tunatafuta gia," nilisema. "Zilikuwa kwenye gunia, ndani ya mguu."

"Ahaa, ule mguu uliotapika! Vijana walipiga nyundo, zikamwagika kama embe. Saba zimeingia kontena, kontena limefungwa lakiri, liko njiani bandarini. Moja ilirukia huko."

Alionyesha lundo. Tulichambua kwa mikono, Mzee Uweso na miaka yake sitini na mitano akiinua vipande vya mashine aliyoitunzia vipuri nusu ya maisha yake. Mara tatu niliona rangi yangu nyekundu. Ndipo nikaipata. Meno arobaini. Niliyahesabu kwa kidole: thelathini na manane. Mawili yamekatika, yanafuatana. Nyingine nne ningezichonga huko Mwera; kesho ilitaka moja tu.

"Naichukua hii," nilisema.

"Hakuna kuchukua, mzee. Vyuma vimeshapimwa. Kikipungua kilo naulizwa mimi. Leta chuma, beba chuma."

Nikatoa gia ya mgeni kwenye kikapu, nikaiweka kwenye mizani yake. Haikutosha. Mzee Uweso akavua funguo shingoni, akatoa mfukoni kufuli la stoo, kubwa kama ngumi, akaliweka juu.

"Mzee, na stoo?"

"Nilinde nini humo? Panya?"

Mizani ikalingana. Ikawa hivyo. Gia ndogo ikabaki kwenye lundo na sisi tukaondoka na kubwa mbovu. Njiani ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sasa nisipoitengeneza hii, namba nne haina gia, na kuazima ndogo ya namba tano ni kurudi kwenye sita.

Jino la gia hutengenezwa hivi. Unatoboa matundu matatu pale lilipokatika, unaingiza skrubu tatu, unajaza shaba kwa moto, likipoa unakata kwa tupa mpaka lipate umbo la jirani yake. Tulijifunza wenyewe, miaka ile vipuri vilipokuwa havipatikani hata kwa dawa. Jino moja saa mbili, ukiwa na bahati. Ukikosea unene wa kucha, gia inalia, nyuzi zinakatika, na wakati mwingine jino linaruka na kumpiga mtu.

Saa nane nilikuwa nimeibana gia kwenye jiriwa. Nilikuwa nimewaambia wanawake jambo moja tu: Sami amekubali kesho mkubwa aje atazame mashine moja, ikikimbia tutakwenda Mwera. Sikuwaambia habari ya ripoti. Wakapiga vigelegele, wakaanza kurudisha vipande vya namba nne nilivyovitoa asubuhi, wakifuata namba nyekundu moja baada ya nyingine. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Mama Devota hakupiga kigelegele. Alivuta kigoda akaketi upande wa pili wa jiriwa, akachukua boksi la sabuni, akakata kipimo cha jino kwa mkasi wa cherehani yake. Kila nikipiga tupa mara ishirini, anaweka kipimo.

"Bado."

Nakata tena.

"Bado kidogo. Hapa begani."

Jino la kwanza likakubali saa kumi na moja kasoro. La pili nililijaza shaba, tukasubiri lipoe. Wanawake wengine wakaaga, wanawahi kwenye vyungu. Mzee Uweso alikwenda langoni kumbembeleza mlinzi mpya atuachie mpaka saa mbili. Nilimsikia mlinzi akijibu kwa ukali: saa kumi na mbili anafunga, ni amri, hata angekuwa baba yake.

Tukabaki wawili na sauti ya tupa.

"Fundi."

"Naam."

"Ile gia ya asubuhi. Ulisema imelika."

"Ndiyo."

"Haikulika."

Nikapiga tupa mara tatu, nne. "Haikulika."

"Ilikuwa ya mgeni."

"Ilikuwa ya mgeni."

Akaweka kipimo, akakiondoa. Hakusema bado wala tayari.

"Sami ana karatasi. Watu hawafungi kiwanda bila karatasi. Ilisema ngapi?"

"Sita."

"Nani aliwaambia sita?"

Wasomaji, nilikuwa na jibu jepesi. Ningesema waliona wenyewe, na ingekuwa kweli nusu. Waliona. Saa nzima yule mzungu wa tathmini alisimama na saa yake mkononi, akihesabu.

"Mimi," nilisema.

Hakupiga kelele. Aliinama akapuliza unga wa shaba kwenye jino, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Unakumbuka jioni ile? Kabla hawajaja. Mlangoni mwa stoo."

Ninakumbuka. Nimewaandikia wiki sita, nimewaambia habari za maandazi na baiskeli na homa yangu ya Juni, na hili sikuliandika. Nililipita kila mara.

Jioni ile mimi na Mzee Uweso tulikuwa tunabeba gia. Mama Devota alikuja amejifunga kanga kiunoni, anahema. Binti yake Devota alikuwa anapika chai kwenye gesti walikofikia wageni, na alikuwa amewasikia. "Fundi," aliniambia, "hawa si wa wizara. Hawakuja na malengo, wamekuja kununua. Wanatafuta mashine inayokimbia. Waachie gia kubwa, nakuomba."

Aliniomba. Alitumia neno hilo.

Nami nilimjibu mbele ya Mzee Uweso, nikicheka: "Mama Devota, wewe endesha. Mambo ya mashine niachie mimi."

"Niliendesha," alisema sasa. "Kutwa nzima niliendesha mwendo wa mgeni. Nikimwona yule mtu anavyoandika, mkono unaniwasha. Nikajiambia, Consolata tulia, fundi anajua."

"Nisamehe."

"Sikuja kusamehe mtu. Nilikuja kuosha vyuma ili nipate kazi."

Kule langoni mlinzi akagonga kipande cha reli. Saa kumi na mbili. Mama Devota akasimama, akakung'uta unga wa shaba kwenye kanga, akaweka kipimo cha boksi juu ya jiriwa, na mkasi wake akauchukua.

Kuna jambo mlijue. Mashine ikienda kumi, uzi wa singa unakatika kwa mkono wowote usioujua. Baada ya mwaka mzima wa kusimama, wale wanane watausimamia kwa sita, labda saba. Kwa kumi, mbele ya mtu mwenye saa mkononi, ni mmoja tu.

"Kesho utakuja saa ngapi?" nilimwuliza.

"Wewe njoo saa moja. Kama hunioni, anza."

"Kukata jino naweza. Kuendesha kwa kumi siwezi, wala hakuna mwingine."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nakwambia, kama hunioni."

Akatoka.

Nilibaki mpaka mlinzi alipogonga reli mara ya pili. Sikuitoa gia kwenye jiriwa, maana ukiitoa hupati tena mkao ule ule. Nilifunika jino kwa kitambaa chenye mafuta, nikatundika tupa, nikafungua daftari. Niliandika: Gia ya mota, meno arobaini. Jino la kumi na nane, tayari. Jino la kumi na tisa, nusu. Kesho.

Langoni Mzee Uweso alikuwa amesimama peke yake, kamba ya nailoni ya bluu ameizungusha mkononi. Godoro halikuwepo. Masufuria hayakuwepo, wala cherehani.

"Amekwenda wapi?" nilimwuliza.

"Hakusema," alijibu. "Kamba hii ameiacha, kafunga mzigo kwa kanga. Nimemsaidia tu kujitwisha."